Mwiba Uliobaki Ndani ya Tairi



Huenda baadhi yenu mkashangaa kumwona maalim wa chuo akishika kalamu kuandika khabari za pancha ya baiskeli katika gazeti hili, mahali ambapo mmezoea kusoma mambo ya ibada na ya nyumba zetu. Nawaomba mnistahamilie. Khabari yenyewe ni ya malezi, ila ilianzia katika gurudumu la nyuma la baiskeli yangu, na aliyepata kulelewa ndani yake ni mimi mwenyewe, niliyekwisha kuvuka miaka 50.

Mimi naishi Ngamiani, mjini Tanga. Madrasa ninayosomesha iko katika kijiji kimoja upande wa kusini, kando ya njia ya kwendea Pangani, kiasi cha kilomita 11 kutoka mlangoni kwangu. Kwa muda wa miaka 20 na zaidi nimekwenda na kurudi kwa baiskeli. Ni baiskeli yetu ile ya kawaida, ya fremu nyeusi, keria pana na magurudumu makubwa ya inchi 28. Huswali Adhuhuri, nikala kidogo, nikaondoka, ili ifikapo saa nane u nusu niwe nimekwisha kuketi jamvini. Tunasoma, tunaswali Alasiri pamoja, tunasoma tena, kisha huwaruhusu watoto mapema ili nami nifike nyumbani kabla ya giza. Sehemu kubwa ya njia haina taabu. Taabu iko mwishoni, pale ninapoiacha barabara na kushika njia ya mchanga ipitayo kati ya minazi na mashamba ya mkonge.

Njia hiyo ina mbigili. Asiyeujua mmea huu, basi ni majani yatambaayo chini kabisa, yenye maua madogo ya manjano, na mvua zikinyesha huenea upesi pembezoni mwa njia. Jua likirudi majani hukauka, na vijitunda vyake vigumu hukatika vipande vipande na kutapakaa mchangani. Kila kipande kina miiba, na hata kianguke namna gani, mwiba mmoja hutazama juu. Mtoto mwenye miguu mitupu aujua, na mwenye baiskeli aujua zaidi.

Chuoni kwangu kuna sharti ambalo kila mzazi analifahamu, nalo ni kwamba mwanafunzi asichelewe. Sharti hili nililirithi kwa walimu wangu na sikupata kulionea shaka. Basi miongoni mwa wanafunzi alikuwako kijana wa miaka 12, mwenye sauti nzuri na kichwa chepesi cha kuhifadhi, ambaye alikuwa akikaa mbele, karibu na goti langu. Kijana huyu, tangu mwisho wa masika, alianza kuchelewa. Juma moja alichelewa mara mbili, juma la pili mara tatu, juma la tatu karibu kila siku. Huja akitokwa jasho, mikono yake myeusi kwa masizi ya mnyororo na vumbi la tairi, akasimama mlangoni akisema, "Samahani, Maalim. Nilipata pancha."

Mara ya kwanza nilimwambia aende kunawa na aingie. Mara ya tatu nilimsimamisha mlangoni mpaka wenzake walipomaliza kusoma. Lakini siku moja, nikiwa na uchovu wa jua na kichwa kikiniuma, nilimtazama mbele ya watoto wote nikasema, "Pancha kila siku? Baiskeli gani hiyo ipatayo pancha siku za chuo tu? Uwongo nao una kiasi chake, mwanangu. Na mikono hiyo usinigusie msahafu."

Watoto wakacheka. Yeye hakujibu neno. Alikwenda kunawa, akarudi, akakaa nyuma karibu na mlango. Siku ya pili yake hakuja, wala ya tatu. Zikapita siku 14 bila ya kumwona.

Sikumpiga fimbo, na kwa jambo hilo nilijiona mpole. Nilijiambia kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na kwamba kijana akiona haya leo atanyooka kesho. Jambo linalonitia aibu hasa ni kwamba majuma machache kabla yake nilikuwa nimewafasiria wanafunzi wakubwa Suratul Hujurat, ambayo ndani yake tumeamrishwa kuihakikisha khabari kabla hatujawadhuru watu, na tumekatazwa kudharauliana na kudhaniana vibaya. Nilifasiri vizuri, wala sikukosea hata pumzi. Kisha nikafunga kitabu na kufanya kinyume chake.

Basi sasa sikilizeni yaliyonipata.

Jumatatu moja, nimekwisha kuingia njia ya mchanga, nikahisi gurudumu la nyuma linalegea chini yangu. Nikasukuma baiskeli mpaka kwa fundi mmoja kijana aliyekuwa na kibanda kando ya njia. Nikamwambia afanye upesi, watoto wananingoja. Akavua tairi, akautoa mpira wa ndani, akaona tundu, akabandika kiraka, akarudisha vyote, nikampa shilingi zake 500, nikaondoka. Jumanne, mahali si mbali na pale, upepo ukaisha tena. Nikarudi kwa fundi yule yule kwa ghadhabu, nikamwambia kiraka chake hakifai. Akanionyesha kwamba kiraka cha jana ki salama. Hili ni tundu jingine, kandokando ya lile la kwanza. Akaliziba. Mimi ni yule yule wa kuhimiza, upesi, upesi.

Jumatano nikachukua vifaa vyangu mwenyewe: spana, bisibisi, msasa, kipande cha mpira mkuukuu, gundi na pampu. Nilikuwa nimekwisha kumsema fundi yule moyoni kuwa ni mvivu. Upepo ukaisha mahali ambapo hapana nyumba wala mti wa kivuli. Nikapindua baiskeli, nikaanza kazi.

Tairi lile lilikuwa halijafikisha miezi miwili, gumu, limeikamata rimu kama kwamba limezaliwa nalo. Nililivuta kwa vidole mpaka kucha zikauma. Nikatia bisibisi, nikalikongoa. Nikaziba tundu, nikatia mpira mahali pake, nikaanza kulirudisha tairi. Likaingia robo tatu kwa wepesi, na robo ya mwisho likakataa kabisa. Nikisukuma huku, linatoka kule. Jasho likaniingia machoni, nikakasirika, nikachukua bisibisi tena nikalishindilia kwa nguvu zangu zote. Likaingia. Nikamhimidi Mwenyezi Mungu, nikajaza upepo, nikausikia ukitoka pale pale. Bisibisi ilikuwa imeubana mpira na kuutoboa mahali pawili, matundu mawili yaliyokabiliana kama alama za meno ya nyoka. Hayo sikuweza kumlaumu fundi wala mbigili. Wahenga wamesema, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Gundi ilikuwa imekwisha. Nikasukuma baiskeli kwa miguu katika jua lile mpaka nikafika chuoni watu wamekwisha kuswali Alasiri. Watoto walikuwa wakicheza uani. Waliponiona wakakusanyika kwa haraka, na mmoja wao, mtoto wa miaka 6 hivi, akaniuliza bila ya ubaya wowote, "Maalim, ulikuwa wapi?"

Nikasema, "Nilipata pancha."

Neno lilipotoka kinywani nikalisikia. Nikaitazama mikono yangu, nayo ni myeusi kwa masizi na vumbi. Watoto wakubwa wakatazamana, kisha wakainamisha vichwa kwa adabu. Hapana aliyecheka. Lau wangalicheka ingalikuwa nafuu kwangu.

Jioni ile nilimpelekea baiskeli mzee mmoja wa kijijini, fundi wa siku nyingi, ambaye sasa hutengeneza za majirani tu, chini ya mwembe wake. Nilimweleza pancha zangu tatu. Hakuharakisha. Kabla ya kuvua chochote alitia alama ya chaki juu ya tairi, mkabala wa vali, yaani kile kinywa cha kutilia upepo. Akautoa mpira, akaujaza upepo, akauzamisha kidogo kidogo katika beseni la maji mpaka akaona viputo. Kisha, badala ya kuziba, akaulaza mpira juu ya tairi, vali juu ya alama ya chaki, na kufuatisha mpaka penye viraka viwili vya fundi na kimoja changu. Vyote vitatu vilikuwa mahali pamoja, upana wa vidole viwili. Akanambia, "Maalim, tundu linapotoboka pale pale mara tatu, mtoboaji yumo ndani."

Akapitisha kitambaa taratibu ndani ya tairi mahali pale, na kitambaa kikanasa. Kwa nje hapakuonekana kitu. Mwiba wa mbigili ulikuwa umeingia, ukakatikia ndani ya mpira mnene, ncha yake ikatokeza upande wa ndani kiasi cha chembe ya mchele. Kila nilipokaa juu ya baiskeli, uzito wangu uliusukuma. Akaung'oa kwa kikoleo kidogo, akaniwekea kiganjani. Kisha ndipo akaziba matundu: akasugua mpira kwa msasa, akapaka gundi nyembamba, akaiacha ikauke mpaka isishike kidole, akabandika kiraka na kukigandamiza. Akanambia kwamba wengi hubandika gundi ikiwa mbichi kwa sababu ya pupa, na kiraka hakikai.

Alipokuwa akingoja gundi nikamwuliza kuhusu yule kijana, kwa kuwa njia yake ya nyumbani hupita mbele ya mwembe ule. Mzee akaniangalia kwa mshangao. "Baiskeli ya babu yake? Nimeiziba mimi sijui mara ngapi. Tairi la nyuma limekwisha, nyuzi za ndani zaonekana. Na kila mchana kabla ya chuo humpelekea bibi yake mihogo sokoni, mzigo mzima juu ya keria. Nimemwambia tairi halifai tena. Akanambia fedha hawana, na wewe humtaki mtu anayechelewa."

Nilirudi Ngamiani usiku ule nikiwa na ule mwiba katika mfuko wa kanzu. Jambo lote lilikuwa wazi kwangu kuliko nilivyopenda. Mtoto alichelewa, nikabandika kiraka. Akachelewa tena, nikabandika kiraka kikubwa zaidi. Mara zote hizo sikuuliza hata siku moja ni kitu gani kinachomtoboa. Tena mimi nilikuwa nimekwisha kuongeza tundu langu mwenyewe, kama ile bisibisi.

Siku hizo mkwe wangu, ambaye ni mwalimu wa shule, alinisomea khabari za asili ya matairi haya ya upepo, nami nazitia hapa kwa faida ya vijana. Mtu wa kwanza kuliandikisha wazo hilo serikalini alikuwa Robert William Thomson wa Scotland, katika mwaka 1845, lakini watu hawakulishughulikia, likasahauliwa. Zaidi ya miaka 40 baadaye, huko Belfast, nchi ya Ireland, alikuwako daktari wa mifugo jina lake John Boyd Dunlop. Mwanawe mdogo alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, nayo ilimtikisa vibaya juu ya njia mbovu, kwa kuwa magurudumu ya zama zile hayakuwa na upepo. Katika mwaka 1887 baba yake akajaribu kuyazungushia mpira uliojazwa upepo, na mwaka 1888 akaliandikisha jambo lake. Matairi ya awali yaligandishwa katika rimu, hata kuziba pancha ikawa kazi ya saa nyingi. Ndipo katika mwaka 1891 ndugu wawili wa Ufaransa, wa ukoo wa Michelin, wakatoa tairi la baiskeli linalovulika na kurudishwa. Basi hili tairi tunalolilaani kwa ukaidi wake, wenzetu wa kale walilipokea kwa shangwe.

Lakini lililonishika mimi si werevu wa watu hao. Ni kwamba Dunlop hakuwa fundi wa baiskeli. Mtoto wake alikuwa na taabu ya njiani, naye akaiona kuwa ni taabu ya kweli, yenye kustahili kushughulikiwa na mtu mzima.

Ijumaa, baada ya swala, nilinunua tairi lililotumika kidogo na mpira wake wa ndani, nikavifunga katika keria, nikaenda nyumbani kwa yule kijana. Nawaambieni kweli, njiani nilisita mara mbili. Nilijiuliza: maalim akimwomba radhi mtoto, heshima ya chuo itabaki wapi? Watoto hawatapanda kichwani? Nikaona kwamba swali hilo lilikuwa la nafsi yangu, ikivaa joho la chuo.

Bibi yake alinipokea kwa ukarimu, akanitandikia mkeka. Nikamwambia, "Bibi, nimekuja kwa kosa langu. Nilimwita mjukuu wako mwongo mbele ya wenzake, na hakuwa mwongo." Kisha nikamgeukia kijana, aliyekuwa amesimama pembeni akichora mchanga kwa kidole cha mguu. Nikasema, "Mwanangu, nimekukosea. Nisamehe."

Akakaa kimya muda. Kisha akasema polepole, "Haidhuru, Maalim." Nilijua kwamba ilidhuru, lakini alikuwa amelelewa vizuri.

Tukaipindua baiskeli ya babu yake uani. Tukavua tairi bovu, tukatia lile nililoleta. Kama kawaida likakubali robo tatu na kukataa robo ya mwisho. Nikanyoosha mkono kuchukua bisibisi. Kijana akasema, "La, Maalim, hivyo utautoboa." Akautilia mpira upepo kidogo sana, kiasi cha kujishika umbo lake usijipinde. Akalirudisha tairi nje, akaanza upya upande ulio mbali na vali, ili amalizie kwenye vali. Akanieleza kwamba katikati ya rimu pana bonde, na ukingo wa tairi ukiteremka bondeni kule mbali, huku mwisho hupatikana nafasi. Lakini ukianza kwenye vali, ukamalizia kule ng'ambo, shina la vali huuzuia ukingo kuteremka, na tairi hukaza. Akapaka povu la sabuni ukingoni, akalibana tairi kwa mikono miwili kutoka kule mbali akilivuta kuja kwetu, kisha kwa vigimbi vya viganja akalisukuma. Likaingia kimya kimya. Mwisho akaisukuma vali juu kidogo kwa kidole, ili mpira usibanwe chini ya ukingo, ndipo akajaza upepo.

Nikamwuliza, "Nani aliyekufundisha?"

Akacheka kidogo, mara ya kwanza siku ile. "Pancha za kila siku, Maalim."

Mtu aliyeaibishwa hadharani hasafishwi faraghani. Kwa hiyo Jumamosi, wanafunzi walipokwisha kukusanyika, niliwaambia yote: kwamba mwenzao alisema kweli, kwamba mimi nilimdhania ubaya bila ya kuchunguza, na kwamba nimemwomba radhi naye amenisamehe. Nikawaonyesha ule mwiba. Ukapita kutoka kiganja hadi kiganja mpaka ukanirudia. Ilivyo kweli ni kwamba watoto hawakupanda kichwani. Siku chache baadaye alinijia mmoja baada ya masomo, akanambia sababu ya kusinzia kwake chuoni, nami nilikuwa nimekwisha kumhesabu mvivu. Sababu yake naiweka siri, lakini ilikuwa ya haki.

Sasa ukutani mwa chuo pana pampu, beseni, kipande cha sabuni, msasa na kopo la viraka, na yeyote ajaye na pancha hutengeneza hapo. Sharti la kutochelewa liko pale pale. Lakini kabla ya kulaumu huuliza kwanza, tena huuliza kwa faragha. Wazazi wenzangu, nanyi nawanasihi vivyo hivyo. Mtoto akirudia kosa lile lile mara tatu, msitafute fimbo kubwa zaidi. Pitisheni kitambaa taratibu ndani ya tairi. Nanyi vijana, mkiwa na taabu njiani isemeni, hata kama mara ya kwanza hamkusadikiwa.

Kijana yule amerudi na sauti yake ni nzuri kama zamani. Bado huchelewa siku mojamoja, mihogo ikiwa mingi. Ila mpaka leo hukaa nyuma, karibu na mlango, wala hajarudi mahali pake karibu na goti langu. Sikumlazimisha. Naliacha jamvi la mbele wazi, na kila alasiri hulitazama.

Mwenyezi Mungu atusamehe yale tuliyowakosea watoto wetu kwa ndimi zetu, na atupe subira ya kuchunguza kabla ya kuhukumu. Amin.

Wassalaam.